Mlango wa Hodi Tatu

Bi Mboni mpendwa, shikamoo, na uniwie radhi kwa kuleta mambo ya nyumbani kwangu mbele za watu, lakini naomba msaada wako kabla mke wangu hajafunga safari, maana nimefika mahali sina tena wa kumuuliza.

Mimi nina nyumba ya wageni hapa Mkwaja, vyumba vichache lakini safi, na anayepika ni mke wangu Suhaila, ambaye mchuzi wake wa samaki wa nazi mtu akiuonja hausahau, na kwa kuwa siku hizi mgeni anatafuta pa kulala kwenye simu kabla hajapanda gari, nikajifunza kutengeneza tovuti, nikaitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe, na nilichotaka ni kimoja tu, mgeni apokewe kwa heshima kama tulivyolelewa, si kama huko kwingine ambako mtu anajiingilia tu utadhani anaingia sokoni. Kwa hiyo akifungua anakuta kwanza picha kubwa ya mlango wa nakshi, umefungwa, na kitufe kimeandikwa Hodi, anabisha mara tatu, na kila hodi inangoja kidogo maana aliye ndani lazima avae vizuri kwanza, halafu anaulizwa jina lake na la baba na la babu, na ametokea wapi, na namba ya simu, kisha zinakuja salamu, habari za nyumbani, habari za watoto, habari za safari, anabonyeza Nzuri, Nzuri, Nzuri, ndipo mlango unafunguka na kasida inaanza kupiga yenyewe, na hapo anamkuta marehemu babu yangu na historia yake tangu alipohamia huku. Picha za vyumba sikuweka kwa sababu chumba cha kulala ni sitara. Bei nayo sikuweka, kwani nani anamtajia mgeni bei kabla hajakaa akanywa maji?

Sasa Bi Mboni, tovuti ina sehemu inayonionyesha watu waliofika, na wanafika, wengi tu, wanabisha hodi ya kwanza, wengine ya pili, halafu wanatoweka, na huku jirani yangu Wilfred, ambaye baba yake alikuja pwani kukata mkonge, ana ukurasa mmoja wa hovyo, picha ya kitanda chenye chandarua, bei, namba ya simu, basi, hata salamu hakuna, na magari ya watu wanaokwenda Saadani yanalala kwake. Mimi nasema hii ni hasadi. Nimefukiza ubani mpaka kwenye kompyuta, na nafikiria kuongeza swali jingine pale mlangoni, mtu aseme anamjua nani hapa Mkwaja, ili wenye nia mbaya wachujwe mapema.

Suhaila yeye anasema kosa ni la tovuti. Kwanza aliniambia akiwa anakuna nazi, "Baba Kazija, mtu ataka kujua atalala wapi, wewe wamuuliza habari za watoto," nikamwambia angoje nimalize rangi ya mlango. Halafu walikuja mume na mke kutoka Lushoto, Asheri na Bibiana, walikuwa wanasherehekea ndoa yao, na wamelala kwa Wilfred, wakapita kwetu kula tu kwa sababu mtu wa bodaboda aliwasifia mapishi ya mke wangu, na yule mwanamke akamwambia, "Mama, tulijaribu kuja kwenu, tukabisha hodi mpaka simu ikaisha chaji." Suhaila akaja akasimama kwenye mlango wa chumba ninachofanyia kazi akaniita, nami nilikuwa na hedifoni masikioni nachagua kasida ipi itangulie, nikamwonyesha kwa mkono angoje, akasimama kidogo, kisha akaondoka. Tangu hapo hanisemeshi tena habari ya tovuti. Amekunja kanga zake ametia kwenye begi, anasema amechoka kupika sinia la wali la kuwagawia majirani, atakwenda Makorora kwa dada yake Mwatumu wafungue mgahawa, na mimi nibaki na mlango wangu. Bi Mboni, nyumba bila Suhaila ni kuta tu, nami siitaki. Nimwambie maneno gani ili awe na subira mpaka wageni wajifunze adabu?

Hatibu, Mkwaja

*

Bi Mboni anajibu:

Marahaba, Hatibu. Salamu yako imeitikiwa, neno moja, tumemaliza, tuingie ndani. Umeona ilivyo rahisi?

Nimeifungua tovuti yako jikoni, kwa simu hii hii ya kila siku, mihogo iko motoni. Mlango wako ulishuka kwa vipande, juu kwanza, kisha nakshi, kisha kitasa, na mihogo ikaiva. Nikabisha. Nikamngoja mtu wako avae. Nikabisha tena, na tena. Nikaandika jina langu na la baba, la babu nikaliacha makusudi, ikanirudisha nje. Nikaanza upya kwa sababu hii ndiyo kazi yangu, wageni wako si kazi yao. Kwenye salamu nikatafuta pa kusema kwamba nyumbani kuna mgonjwa, hakuna, ni Nzuri tu, kwa hiyo mwenye kuuguza hana kitanda kwako. Nilipoingia hatimaye, kasida ikapaza sauti paka akakimbia, na babu yako, Mungu amrehemu, akaanza kunisimulia alivyohama, kwa herufi za njano juu ya nyeupe, ndogo kama chenga za mchele. Namba ya simu nimeikuta chini kabisa, baada ya mazishi yake. Nikapiga. Haipatikani.

Mwanangu, usimsingizie hasidi. Hasidi angefika hapo akakuta kazi imeshafanywa.

Sikucheki kwa yote. Kumpokea mtu kwa heshima ni jambo jema, na wengi wamelisahau. Lakini mgeni aliyeketi barazani kwako anauona uso wako, anasikia harufu ya mchuzi, salamu zikirefuka yeye amekaa. Huyu wa kwenye simu amesimama stendi na mizigo, bando linakwisha, mtoto analia, na wewe unamuuliza habari za safari. Na sitara ni ya chumba chenye mtu ndani, chumba kitupu kina aibu gani? Bei nayo ukiificha, mtu anajua tu kwamba ni kubwa, anakwenda kwa Wilfred.

Lililoniudhi hasa ni hili la hodi, kwa sababu umelichukua nusu. Sote tulifundishwa kwenye chuo cha Kurani kwamba unabisha mara tatu, usipoitikiwa unageuka unarudi ulikotoka, wala hukasiriki. Wewe umejenga nyumba isiyoitika, watu wakigeuka unasema hawana adabu. Hao ndio wenye adabu, Hatibu. Wamefanya walivyofundishwa.

Kwa hiyo ung'oe mlango huo leo, usingoje kesho. Mtu akifungua akutane na kitanda chenye chandarua na dirisha lililo wazi, na hakikisha hujaanika shati lako hapo. Bei iwe pale pale, namba ya simu juu yake, na iwe namba ya Suhaila, maana wewe kuitika hujui. Kasida izime, anayetaka kuisikia ataibonyeza mwenyewe. Babu mhamishie ukurasa wa nyuma, hatachukia. Ule mchuzi unaousifu, umewezaje kumwelezea babu kwa kurasa nzima na mchuzi usiuweke hata picha? Ukimaliza, azima simu ya zamani iliyopasuka kioo, nenda mahali ambapo mtandao unasuasua, ufungue kama mgeni. Ukichoka wewe, amechoka yeye. Na lile swali la kumjua mtu hapo Mkwaja, nikilikuta nitakuja mwenyewe kukuvunjia kompyuta.

Sasa mkeo. Umeniuliza umwambie nini. Huna la kumwambia, una la kuitika. Nimeirudia barua yako. Alikusemesha akikuna nazi, ukamwambia angoje. Alikujia mlangoni, ukamwonyesha mkono. Hizo ni mbili. Begi limefungwa lakini bado limo chumbani, maana yake ya tatu hajabisha. Huenda akabisha leo, na huenda isiwe habari ya tovuti hata kidogo, akakuuliza tu kama unataka chai. Vua hiyo hedifoni, inuka kwenye kiti, umwambie karibu, kisha umuulize yeye kipi kitangulie mgeni akifungua, na ufanye atakalosema.

Ukimwambia angoje tena, hatagomba wala hatalia. Atageuka aende zake Makorora. Suhaila naye amelelewa vizuri.