Wimbo Niliomwimbia Mama Yake Larisa

Al Barsha, Jumamosi, Agosti 2014

Joto la huku kwa Waarabu leo halisemeki. Ukifungua mlango tu miwani inaingia ukungu, na mimi nimetoka zamu sina hamu ya kula wala ya kuongea na mtu. Nimekaa kitandani na simu. Ngoja niandike, labda kifua kitapungua uzito.

Nimedanganya, na uongo wenyewe umeshaanza kufundishwa watu.

Larisa ni mwenzangu wa kazi ya vyumba hapa hotelini. Pasipoti yake ya Urusi, lakini yeye ni Mudmurti, kabila dogo la ndani huko, lenye lugha yao wenyewe. Lugha hiyo ina ndugu zake: Kifini, Kiestonia, Kihangaria, na nyingine ndogo ndogo ambazo vijana wanaziacha. Undugu wa mbali kweli, maana wakikutana wanaelewana kwa Kiingereza. Lakini wanakutana. Kila Ijumaa asiyekuwa kazini anakwenda kwa Tiina, Muestonia anayekaa mtaa wa Discovery Gardens, wanafundishana nyimbo za makwao zisije zikapotea. Mwezi wa kumi wana siku yao ya ndugu wa lugha, na kila mmoja alitakiwa alete wimbo wa nyumbani kwao.

Larisa wake hakuwa nao. Anasema kijijini kwao kila ukoo una wimbo wake, hauna maneno, ni sauti tupu. Wa ukoo wao alibaki kuujua mama yake peke yake, na mama ni mgonjwa wa moyo. Kila akimwomba kwenye simu, mama anakataa. Ule ni wimbo wa kumpokea mgeni, hauimbwi hivi hivi. Mgeni anatangulia na wimbo wa kwao, mwenyeji anaurudia kumkaribisha, ndipo naye anatoa wake.

Mimi na kimbelembele changu nikamwambia, mgeni si mimi hapa? Yalla, haya, piga simu.

Tukapiga, mwezi uliopita, kwa spika, na simu yangu pembeni inarekodi. Mama alifurahi, hata Kirusi kilichanganyika na cha kwao. Akamuuliza Larisa mgeni ni wa watu gani, basi aimbe wa kwao, anamsikiliza.

Hapo nikaumbuka. Wa kwetu upi? Mimi ni Mdaiso wa Daluni, Tanga, na Kidaiso sikijui. Bibi mzaa mama alikuwa anaimba akitwanga, nami namwambia, bibi, imba kwa Kiswahili, wenzangu watanicheka. Siku moja akaacha kabisa. Nilifurahi, nakumbuka vizuri sana kwamba nilifurahi. Huu mwaka wa sita bibi hayupo, na sina hata mstari mmoja wake.

Nikaimba wimbo wa shule ya msingi. Ule wa asubuhi mstarini, tukikaguliwa kucha.

Niliutoa maneno, nikauvuta taratibu, nikautia na huzuni kidogo ufanane na kitu cha wazee. Larisa akaniangalia, nikamwambia ni wa bibi yangu.

Mama akaurudia. Wallahi aliurudia wote. Pale tulipokuwa tunapiga miguu chini kama askari, yeye alipalainisha, sauti ikapita juu yake nyembamba na safi, nikasahau kabisa kwamba ni wimbo wa kucha. Kisha pumzi ikamkata. Akasema amechoka, wa kwake atatuimbia kesho.

Kesho yake alilazwa. Wiki ya pili akafariki. Larisa aliomba ruhusa ya kwenda kuzika, sir, msimamizi wetu, akamwambia hoteli imejaa, khalas, yamekwisha.

Jana akanivuta twende wote kwa Tiina. Walikuwepo na Piroska, Mhangaria, na Mfini mmoja mkimya. Waliwasha mshumaa. Larisa akaniomba niwasikilizishe tulichorekodi, kwa sababu ndiyo sauti pekee ya mama yake aliyobaki nayo. Nikabonyeza. Wote wakalia, na mimi nikalia, ila mwenzao nilikuwa nalia kwa aibu. Piroska akasema hiki ndicho wanachokutanikia, makabila mawili madogo kushikana mkono kabla hayajazimika.

Tiina akaleta daftari lake la muziki, akaandika sauti ile yote kwa makini, akirudisha nyuma kila alipokosa. Wamekubaliana mwezi wa kumi watauimba wao, uwe wimbo wa nyumba mbili, ya Larisa na ya kwetu. Akaniuliza jina la bibi ili aliandike juu.

Nikamtajia. Jina lake kamili.

Nafasi ya kusema ukweli nilikuwa nayo, tena si mara moja. Niliogopa. Sitajisingizia huruma, niliogopa sura ya Larisa. Wimbo wao umekwenda na mama, wa kwetu nilimnyamazisha bibi mimi mwenyewe, na kama siku ile ningekuwa na chochote cha bibi kinywani, hata kifupi, pengine mama angebakiza pumzi akatoa wake. Mawazo hayo yananizunguka tangu jana, hayana pa kutokea.

Leo tulikuwa tunatandika, yeye upande ule wa kitanda, mimi huku, shuka katikati. Akaanza kuuimba chinichini. Mstari wa pili akakosea, akasimama, akaniuliza kama hapo amepatia.

Nikamwambia bado, hapo sauti inashuka. Nikamwimbia asikie. Akarudia mpaka akaushika sawasawa, akanishukuru, akafuta macho kwa foronya.

Nikimwambia ukweli kesho, atabaki na nini?