Mbwa Aliyempokea Kaka Yangu

Mjukuu wangu Kinya,

Natumai barua hii itakukuta mzima. Huku Nkubu tumeshavuna maharagwe, na babu yako bado anasumbuliwa na goti. Umeniuliza kama ni vibaya kumchukua mbwa aliyeachwa na marehemu jirani yako, ilhali mbwa wako mwenyewe amekufa juzi tu.

Wakati wa Emajensi, Wazungu walipotuhamishia kwa nguvu kwenye kijiji chenye uzio, kaka yangu Mwenda aliingia msituni kupigana nao na hakurudi. Mama akaacha kuzungumza. Kisha jirani yetu mjane akapata pasi ya kuhamia kwa nduguye Runyenjes, akatuletea mbwa wake, Simba.

"Mchukue, Mama Mwenda," alisema. "Huko sina pa kumweka."

Simba hakuwahi kumwona Mwenda. Lakini kila alasiri alienda mlangoni, akatikisa mkia, kisha akamfuata mtu tusiyemwona mpaka kwenye kitanda cha kaka yangu. Niliogopa, nikataka afukuzwe. Mama alitikisa kichwa, akawa anauacha mlango wazi.

Siku moja Simba alisimama mlangoni akiitazama njia, mkia umetulia. Akalia mara moja tu.

"Basi," Mama akasema. "Amekwenda."

Alilia mpaka jioni, mbwa amemlazia kichwa miguuni.

Sijui Simba aliona nini, na Mama hakuniambia. Ila jioni ile aliwasha moto mwenyewe, akapika, akampakulia mbwa kwanza.

Mchukue huyo wa jirani, Kinya. Wako hatamwonea wivu.

Ni mimi nyanya yako,
Karimi