Mkebe wa Tope la Kilindini

Sharifa, uko? Mama amesema! Wamuyu, huyu mama yangu wa kunyamaza, leo ametoboa kisa cha Imajensi, ile hali ya hatari ya wakati wa mkoloni.

Ati baba, Runji, alirudi Embu kutoka bandari ya Kilindini, Mombasa, alikokuwa akipima kina cha maji. Akamletea mama tope ndani ya mkebe, aone kazi aliyokuwa akimsimulia kwenye barua. TOPE, Sharifa!

Pale lango la kijiji, mama akiwa amekuja kumpokea, homugadi mkubwa, yule mlinzi wa serikali ya Wazungu, akaufungua mkebe. "Huu ni udongo wa kiapo cha Mau Mau. Runji, utalala kizuizini Manyani!"

Manyani! Na Wamuyu alikuwa mjamzito, mimi nikiwa tumboni.

Baba akamwambia, "Mzee, ni tope la bandarini. Likiwa laini, meli inapita ndani yake. Likishikana, meli inakwama. Sisi tunapima tujue ni lipi."

"Meli ipite ndani ya tope? Mwongo wewe!"

Wamuyu akasonga, tumbo mbele. "Kitendawili!"

Wanawake waliopanga foleni ya kukaguliwa langoni wakaitika, "Tega!"

"Limelala kama ugali, ukilitikisa linakimbia kama uji."

Homugadi akapindua mkebe. Tope halikuanguka. "Uji uko wapi?" Akautikisa kwa hasira, na lote likamwagika shwaa juu ya viatu vyake!

Wanawake wakacheka, Sharifa. Mbele ya bunduki, wakacheka!

Aibu ikamshika. "Poteeni! Nyote wawili!"

Runji akataka kukimbia. Wamuyu akamshika mkono. "Polepole. Asituone tukikimbia."

Wakapita lango kama watu wanaotoka kanisani.