Nilisubiri Mshenga Atokee

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mke mwenzangu. Hapa Kanyenye tu wazima, na karanga zimekubali.

Unauliza ile filamu ya mapenzi uliyonitumia nimeionaje. Nguo zinapendeza, hata mvua inanyesha kwa maringo. Lakini wale wawili wanatazamana tu! Nilisubiri mshenga atokee, mpaka ikaisha.

Nilitaka kucheka, nikamkumbuka babu yako. Siku ya kwanza kumwona, alishuka treni kutoka Kaliua, akaja kwetu kuomba maji. Akanywa, akakaa, akanisaidia kumenya karanga mpaka jua likazama. Hakusema neno. Shati lake la bluu naliona hadi leo.

Sasa yuko hapa pembeni yangu, anamenya karanga. Bado hajasema alifuata nini.

Mke mwenzio,
Bibi