Gia ya Mbele

2 Februari

Kaka,

Natumaini hapo nyumbani mu wazima, wewe, shemeji na watoto. Mimi mzima, mgongo tu unasumbua, na fundi asiyeumwa mgongo ujue hafanyi kazi.

Dada ameniambia umemwita mchoma vyuma chakavu aje na mitungi yake ya gesi alikate trekta la Baba. Usilikate. Huku tupo watu wanane tunaokusanya matrekta ya kale ya dizeli, yale ya mwanzo kabisa ya silinda moja. Watu wanatuona vichaa, na hatubishani nao. Nitaleta lori nilichukue. Sitaingia nyumbani, sitaomba hata maji.

Fundi


11 Februari

Mdogo wangu,

Shikamoo yako sijaiona, labda ilidondoka njiani. Marahaba hata hivyo. Sisi wazima. Pole na mgongo.

Miaka ishirini na tisa hujatia mguu ndani ya nyumba hii. Mama aliugua, hukuja. Mama akazikwa, ukasimama nyuma ya watu kama mpita njia, ukaondoka kabla udongo haujakauka. Leo unaandikia chuma! Hujui chuma kile kilimfanya nini Baba, au nikukumbushe? Baba alikuwa nyuma anafunga jembe. Akasema, "Mbele kidogo!" Wewe kwenye kiti ukatia gia ya nyuma, ukambana kati ya trekta na jembe. Halafu ukaapa mbele ya mwili wake kwamba ulitia ya mbele. Kosa ningelisamehe, maana ulikuwa na miaka kumi na tisa. Uongo siwezi. Njia ya mwongo fupi.

Ukakusanye mengine. Hili litakatwa.

Kaka yako mkubwa


19 Februari

Kaka,

Shikamoo. Nimeiandika kubwa isidondoke. Afya yangu njema, hasira pia iko na afya njema.

Mama alipougua nilikuja, ila wewe ulikaa mlangoni. Uliniambia, "Ukiingia atakufa leo." Umesahau? Mimi sijasahau.

Sasa nikueleze kwa nini nakusanya haya matrekta. Miaka sita iliyopita nilikwenda kwenye maonyesho madogo ya mashine za kale, si kwa kupenda, kuna mtu alitaka nimtengenezee pampu. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa na trekta kama letu. Alifanya vilevile alivyofanya Baba: akachomeka taa ya moto chini ya kichwa cha injini, akangoja kiwe chekundu, akachomoa usukani, akaupachika kwenye gurudumu zito la pembeni, akalitikisa mpaka injini ikaitika. Tuk, tuk, tuk. Kisha akaanza kuhutubia wageni, akapunguza mafuta asikike. Injini ikalegea, ikakaribia kuzima, ikapiga kama chafya, ikaendelea. Mwalimu akapanda, akatia gia ya mbele, nikamwona kwa macho yangu. Trekta likarudi nyuma likavunja meza ya chai na viti vya wageni.

Watu wote walicheka. Mimi nilikaa chini kwenye nyasi nikalia mpaka wakaniletea maji.

Kaka, injini zile hazijui mbele wala nyuma. Zikiachwa zilegee sana, hujigeuza zikazunguka kinyume, na gia ya mbele ikawa ya kurudi nyuma. Ndiyo maana Baba alikuwa akitugombeza, "Usiiache isinzie mtu akiwa nyuma!" Hakutueleza sababu, na sisi hatukuuliza.

Mimi nilitia ya mbele. Nimekusanya matrekta manne, lakini yote hayo yalikuwa ya watu wengine. La Baba ndilo shahidi wangu. Nataka liwake mbele yako, na mbele ya Dada, ulione linafanya vile. Ukilikata, nitakufa nikiitwa muuaji wa baba yangu.

Fundi


26 Februari

Mdogo wangu,

Tu wazima. Marahaba.

Ama kweli mfa maji hukamata maji. Miaka yote hii unatafuta wa kumsingizia, umekosa mtu, umeisingizia injini! Chai imemwagika huko kwa mwalimu wako, basi wewe umetakasika? Mbona mimi nimelima na trekta lile misimu minne na halijanipigia chafya hata siku moja?

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila kwako guu lilivunjika la mwingine.

Mchoma vyuma anakuja tarehe kumi na tano Machi. Usiniandikie tena.

Kaka yako mkubwa


3 Machi

Kaka,

Shikamoo. Nitaandika mara hii tu, kisha nitanyamaza kama ulivyoagiza.

Swali moja. Trekta lililo kwenye gia halisukumiki, hata waje watu kumi. Siku ile mlilisukuma, wewe na majirani watatu, mkamtoa Baba. Mimi nilikuwa chini nimeshika kichwa chake. Majirani walikuwa wakulima wa jembe la mkono, hawajawahi kupanda trekta. Kwa hiyo kuna mtu aliyepanda akatoa gia kwanza. Mtu huyo mkono wake ulijua gia ilikuwa wapi.

Na nani alikuwa ubavuni, kwenye mkono wa kupunguzia mafuta?

Fundi


30 Aprili

Mdogo wangu,

Habari za huko. Hapa shemeji yako alipata homa, sasa amepona.

Mchoma vyuma alikuja nikamrudisha. Alinitukana kwa kumpotezea siku. Kisha nilitumia wiki tano kulifufua lile trekta. Nilisafisha tangi, nikabadilisha mipira ya mafuta, nikapasha kichwa moto. Shemeji yako akadhani nimerukwa na akili. Nilitaka liwake, nipunguze mafuta, litie aibu maneno yako, nikuandikie barua ya mwisho ya kukutukana. Barua hiyo nilikuwa nimeshaitunga kichwani.

Likawaka. Nikapunguza. Likapiga chafya. Nikatia gia ya mbele, likarudi nyuma likabomoa ukuta wa banda.

Nilikaa kwenye kiti chako, nyuma kuna matofali.

Lakini nitakwambia yote, kwa sababu umeuliza. Ni mimi niliyetoa gia siku ile. Ilikuwa mbele. Mkono wangu uliijua, na macho yangu yaliiona. Na kabla ya hapo ni mimi niliyepunguza mafuta, nisikie Baba anasema nini. Ile chafya niliisikia. Sikujua maana yake, naapa, ila nilijua kwamba wewe hukukosea, na kwamba kama si wewe basi waliobaki ni mimi na Mungu. Watu wakauliza, "Nani alikuwa kwenye kiti?" Nikakuonyesha kwa kidole. Kidole kikabaki hapo.

Nilisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka ishirini na tisa.

Kaka yako


9 Mei

Kaka,

Sitauliza hali zenu.

Barua yako nimeisoma mara nne. Nilidhani siku ukisema kweli nitafurahi. Nilitupa kikombe ukutani.

Mama alikufa akiamini ni mimi. Wewe ulikuwa umemshika mkono, ungeweza kumwinamia sikioni ukamwambia, na angekufa na watoto watatu badala ya wawili. Hilo sijui litasamehewa na nani. Si mimi, si mwaka huu.

Trekta nalitaka bado. Lakini kwanza chukua barua yako ileile, usipunguze neno, nenda kaburini kwa Mama. Msomee kwa sauti. Dada awepo, shemeji awepo, na wanao wote wawepo. Ukimaliza niandikie.

Fundi


24 Mei

Mdogo wangu,

Nimesoma. Yote, kwa sauti, nikiwa nimesimama. Nilipofika penye kidole Dada alinipokonya karatasi, kisha akanirudishia akasema, "Malizia."

Hakuna aliyelia. Tulirudi nyumbani kila mtu na njia yake. Mwanangu mkubwa, yule anayeitwa jina la Baba, ndiye wa kwanza kuniamkia kila asubuhi tangu ajue kusema. Leo ni siku ya sita nakaa kibarazani, anapita na ndoo yake, ananitazama, ananyamaza. Marahaba ninayo mdomoni, sina wa kumwitikia. Ndipo nikajua wewe uliishije.

Trekta nimelitoa bandani, nimelipaka mafuta, lipo kando ya barabara. Usukani umo kwenye gunia chini ya kiti. Lete lori siku yoyote.

Ukija, si lazima uniamkie.

Ndugu yako