Breki ya Kawaida

Jumapili, jioni. Hapa Kiirua upepo wa mlima umevuma tangu mchana, na nguo nilizoanika zimeruka hadi kwa jirani. Ziruke tu. Leo hakuna kitu cha kunikasirisha.

Kanyua amerudi mzima.

Mimi ninaongea na simu inaandika, kwa sababu kalamu sikufundishwa. Ikikosea neno mtanisamehe, au mtaacha kusoma. Nyinyi ni watu wazima.

Kanyua ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza, na alipewa jina langu kama desturi yetu inavyotaka. Kwa hivyo nikisema Kanyua hapa, ni yeye. Mimi niiteni Shosho, yaani bibi. Mtu aliyepewa jina lako si mjukuu tu. Akianguka yeye, umeanguka wewe. Nimeanguka mara nyingi sana tangu anunue ile pikipiki.

Niwaeleze hiyo pikipiki. Si boda boda. Haina kiti. Siku ya kwanza nilipoiona nilimuuliza kama alipunguziwa bei kwa kuuziwa kitu nusu. Akacheka. Akasema ndivyo inavyotengenezwa, mwendeshaji anasimama juu yake tangu mwanzo hadi mwisho, anapanda mawe na magogo polepole. Ati hawashindani mbio. Wanashindana kutokanyaga chini. Ukiweka mguu chini, unahesabiwa kosa. Wenyewe wanauita mchezo wa trayals. Mimi naiita pikipiki isiyobeba hata kilo moja ya viazi.

Mchana kutwa anauza dawa ya kupe katika duka la dawa za mifugo kule Ruiri. Jioni anakuja kupanda mawe yangu nyuma ya boma. Ng'ombe walimzoea kabla yangu.

Sasa, Alhamisi nilikuwa na kliniki ya macho Meru mjini. Kanyua akaniambia breki ya mbele imekwisha, na Jumamosi kuna mashindano kule chini ya Embu, kwenye nchi ya ukame na miamba. Akazifungua pedi za zamani, yaani vile vibao viwili vya chuma vyenye tabaka la kusuguana juu yake, mafundi huliita nyama, vinavyobana sahani ya gurudumu ili pikipiki isimame. Nyama ilikuwa imelika hadi chuma. Nikavifunga kwenye leso kama jino lililong'olewa. Akaniambia, Shosho, ninunulie nzuri. Hakusema zaidi, maana alikuwa anachelewa kazini.

Pale duka la spea kijana mmoja mwenye adabu alizigeuza mkononi, akaniuliza, "Shosho, unataka orijino ama ya kawaida?"

Orijino, akasema, ni kuagiza Nairobi na kungoja. Ya kawaida atanifanyia mwenyewe, nirudi nikishakunywa chai.

Nikasema ya kawaida.

Msinicheke kabla hamjanisikiliza. Mimi Kiswahili nilikiokota sokoni nikiuza viazi, na katika Kiswahili changu kawaida ni neno zuri. Mvua ikiwa ya kawaida, tunakula. Mimba ikiwa ya kawaida, mkunga anakunywa chai. Asubuhi ile ile daktari alikuwa ameniambia presha ya jicho langu ni ya kawaida, na nilitoka mlangoni nikitembea kama msichana. Basi mtu akiniuliza kama nataka breki ya kawaida, nijibu nini? Orijino nilidhani ni ile ya watu wa kujionyesha, yenye rangi na maandishi.

Nikanywa chai. Nikarudi. Zilikuwa zinang'aa. Nikapanda gari la kurudi nyumbani nikijiona mtu wa maana.

Jioni Kanyua akazipeleka mlangoni penye mwanga, akazigeuza, akakwaruza ukingo wake kwa ukucha. Akauliza nimenunua gani. Nikamwambia ya kawaida.

Hakucheka.

Akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Vibao ni vile vile vyangu vya zamani. Yule kijana amevibandika nyama nyingine kwa gundi, nyama iliyokatwa sijui kutoka kwenye breki ya gari gani. Kwa watu wa spea, kawaida ni jina la heshima la feki.

Nilingoja anikaripie. Ningekubali. Lakini alichofanya kiliniogopesha kuliko makaripio. Alianza kuzitetea. Ati zitashika tu. Ati boda boda wa hapa wote wanatumia za kubandikwa na bado wako hai. Ati mashindano ni keshokutwa, orijino haiwezi kufika, na mwamba mbaya wa kushuka ni mmoja tu. Akiongea hivyo mikono yake tayari ilikuwa inazifunga kwenye gurudumu.

Akaiwasha, akapita mbele ya jikoni, akabana breki. Ikasimama. Akarudi, akabana. Ikasimama.

"Unaona?" akaniambia.

Niliona. Hapo mbele ya jikoni ni tambarare, hata toroli bovu linasimama. Nikamuuliza huo mwamba mmoja ukoje. Akatazama kando. Akasema ni kama paa la kanisa letu.

Paa la kanisa letu nalijua. Nililibebea mabati kwa kichwa.

Nyuma ya boma tuna mteremko mkali wa kwenda mtoni, wenye mawe na kokoto. Sikumwambia kitu. Niliuteremka na fimbo yangu, nikasimama chini kabisa, katikati ya njia, pale panapobana kati ya ukingo na mti. Yeye alikuwa amenifuata kwa juu, pikipiki inanguruma, hajui nafanya nini.

"Shuka," nikamwambia.

"Shosho, toka hapo."

"Si umesema zitashika?"

"Toka kwanza, halafu nishuke."

"Kama hazitoshi kwangu, hazitoshi kwako. Jina ni moja."

Akabaki pale juu. Mkono wake ulikuwa kwenye breki, niliuona, na gurudumu la mbele lilikuwa limeshachungulia chini. Mbwa alikuja akalala karibu yangu, akaona hakuna jambo, akaondoka.

Halafu akazima injini.

Akaketi kwenye majani na kulia, mtoto huyu ambaye alipovunjika mkono alienda hospitali akipiga mluzi. Alikuwa amejizoeza kwa ajili ya Jumamosi tangu viazi vya msimu uliopita vikiwa ardhini. Nilipanda nikakaa naye. Nikamwambia alie amalize, halafu tufikiri.

Akasema kuna mtu mmoja tu anayeweza kuwa nazo karibu: Njeru. Huyo ni fundi wa pikipiki Embu, na yeye pia hushindana. Mara ya mwisho alimshinda Kanyua, kisha akamtangazia kila aliyekuwa na masikio. Kanyua akasema afadhali atafune hizo pedi kuliko kumwomba Njeru.

Nikamwambia apige simu na anipe mimi.

Njeru alisikiliza yote, hata habari ya kawaida, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Mmeru na breki, Shosho? Tangu lini?" Maana husemwa sisi Wameru hasira zetu hazina breki.

Nikamwambia sawa, Mmeru asiye na breki anakuja kwenye miamba yenu Jumamosi, na nitamwelekeza amwangukie yeye. Hapo akaacha mzaha. Akasema ana pedi orijino alizozitoa kwenye pikipiki yake alipoweka mpya. Zimetumika, zimebaki nusu. "Lakini ni nusu ya kweli," akasema.

Nikamwambia atuwekee. Tangu jioni tulikuwa tukigombana kati ya mpya ya rahisi na mpya ya ghali, kama vile duniani hakuna kitu kingine. Hakuna aliyekuwa amefikiria nzuri iliyotumika. Na mimi hapa nilipo natumia jembe lililoachwa na mama mkwe wangu, limelika hadi limekuwa kama kijiko, na sijaona jipya la kulishinda.

Ijumaa tukapata pikapu ya mchuuzi wa viazi anayeteremka Embu. Pikipiki ikalazwa katikati ya magunia kama ng'ombe mgonjwa. Kanyua akasema sina haja ya kwenda. Nilikuwa nimeshakaa kiti cha mbele. Nilimbebea Njeru gunia la viazi vyetu, si malipo, ni vile mtu haendi kwa watu mikono mitupu.

Jumamosi jua la kule chini lilinipiga nikajua mimi ni mtu wa baridi. Ni miamba mitupu na miti ya miiba, na mbuzi wa wenyeji wamejikusanya kivulini wanatutazama kama sisi ndio mifugo. Njeru mwenyewe alizifungua zangu za kawaida, akafunga zile nusu zake. Alilizungusha gurudumu, akabana, akazungusha, akabana, bila kusema neno la utani. Mtu akinyamaza anapofanya kazi, huyo namwamini.

Kwenye mawe ya kwanza kwanza Kanyua alianguka kiubavu, na ile leva ya klachi anayoishika kwa vidole ikakatika. Yeye akatoa nyingine mfukoni, ya boda boda, ile ya rahisi kabisa, akaifunga na kuendelea. Nikamuuliza Njeru kama hiyo si feki nayo. Akasema ni feki, ndiyo, lakini leva kazi yake ni kuvunjika. Hata orijino ukianguka nayo inakatika vile vile.

Nikaelewa jambo, nami naliweka hapa kwa maneno yangu. Kitu kikivunjika na bado umesimama kwa miguu yako, nunua cha rahisi, hata ununue viwili. Kikivunjika na wewe unaenda nacho, hapo usiniambie habari ya rahisi.

Halafu ule mwamba.

Alinidanganya. Paa la kanisa letu si kali hivyo.

Nilitaka kufumba macho, lakini nimetoka kuambiwa yana afya, nikaona ni dhambi kutoyatumia. Alisimama juu kabisa, akatazama chini. Akaachilia kidogo. Gurudumu la mbele likashuka kidogo, likashika. Likashuka, likashika. Kama mwanamke mzee anayeteremka ngazi na karai kichwani. Katikati kokoto zilimomonyoka chini yake, gurudumu la nyuma likapepesuka, na mimi nikaona kila kitu nilichowahi kukiogopa. La mbele likabaki limeng'ang'ania pale pale. Akanyooka. Akashuka.

Karibu na mwisho aliweka mguu chini. Kosa. Waandishi wa makosa wakainua kidole. Hakuwa wa kwanza wala wa tatu, na Njeru alimshinda tena na akatangaza tena. Sikujali. Ningekuwa na kikombe cha washindi ningempa Njeru kwa mikono yangu.

Tulipopita Embu kurudi, Njeru alituita kibandani kwake. Alizichukua zile pedi zangu za kawaida, mpya, zinazong'aa, akabana ya kwanza kwenye vaisi, kile kibano cha chuma cha mezani, akaingiza ncha ya bisibisi chini ya nyama na kusukuma. Ikatoka yote mara moja, kama ganda la kiazi kilichoiva. Kanyua akashika mdomo.

Akabana ya pili. Akasukuma. Akagonga kwa nyundo. Akagonga tena. Ikakataa kabisa kutoka.

Najua mngependa zote mbili zitoke, ndiyo hadithi iwe tamu. Hazikutoka. Moja ilikuwa mbovu na nyingine imara, kutoka kwa mkono mmoja na kopo moja la gundi. Na hilo ndilo limenikaa moyoni njia nzima ya kurudi. Kama cha rahisi kingekuwa kibovu kila siku, nani angekinunua? Kinashika, kinashika, kinakuzoesha. Pale mbele ya jikoni kilishika mara mbili tukitazama.

Yule kijana wa duka sina neno naye. Aliniuliza, nikajibu.

Kesho tunaagiza orijino, na mimi ndiye nitakayeenda kulisema neno hilo dukani, kwa sauti, wasikie hadi wanaouza matairi. Hizi nusu za Njeru zitamfikisha hadi mpya zije. Nimechoka vizuri, uchovu ule wa mtu aliyemaliza kuvuna na mvua haijamnyeshea.

Sasa hivi tumetoka kula. Katikati ya chakula Kanyua aliniuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani, kama Alhamisi angeachilia breki na kushuka, ningetoka njiani?

Nikamwambia, wee, ningeruka kando haraka sana. Akaitikia kwa kichwa, akaongeza mboga. Ameamini.

Huyu mtoto ndiye anayenishika mkono kila asubuhi ili niinuke kitandani, kwa sababu goti hili la kushoto halikunjiki.

Mimi, kuruka.