Sinema ya Shemeji Yako

Shoga, kaa chini kwanza. Shemeji yako kaigeuza ile kompyuta yetu kuukuu kuwa sinema ya sebuleni!

Kapakua programu ya bure, kaiweka kwenye flashi. Eti kompyuta itawaka kwa flashi tu, vilivyomo ndani yake haigusi. HAIGUSI, kaapa!

Mama mkwe kaalikwa rasmi aje kutazama video ya harusi yetu, iliyokuwa kwenye kompyuta hiyo hiyo tu.

Skrini ikauliza: kujaribu kwa flashi tu, au kusakinisha ndani ya kompyuta? Bingwa akasema kujaribu ni kwa waoga. Kasakinisha. Ikafuta kila kitu!

Sinema ikafunguka, inang'aa, tupu kama kichwa chake.

Mama akauliza, "Harusi iko wapi?"

Bingwa akajibu, "Usijali mama, tutafunga nyingine."

Na nani, shoga? NA NANI?